Sabini kwa Sabini

Kwenye gari Odile alimsihi mumewe mara tatu asije akapiga kelele leo, na mara zote tatu Rosaire Lizotte alijibu kwamba amesikia, hajazeeka masikio. Theluji ya Aprili ilikuwa imebaki kandokando ya mashamba ya viazi, chafu, imechanganyika na matope. Kikao cha bunge la jimbo kilikuwa kimekwisha huko Augusta, na Mheshimiwa Lucille Daigle alikuwa na ripoti ya kuwasomea wapiga kura wake.

Walipofika, watu kama ishirini walikuwa wameshaketi katika chumba cha mkutano. Maharage ya kuoka yalikuwa mezani, na ploye zimefunikwa kitambaa zisipoe, maana bondeni hapa hakuna mkutano bila chapati hizo za ngano nyeusi. Anayekuja mikono mitupu hupewa sahani, lakini pia husengenywa. Ukutani, chini ya rangi ya njano, zilionekana picha za bata alizochora mtu zamani. Lucille alisimama mbele yao, koti lake la bluu limepigwa pasi, karatasi mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wodi ya wazazi tumeikosa."

Akawasomea matokeo: wabunge sabini waliunga mkono wodi iendelee, sabini wakapinga, na sare bungeni ni kushindwa. Kuanzia Mei, mama wa bonde hili atasafiri saa mbili kwenda kujifungua.

"Basi tutawaambia watoto wangoje barafu iyeyuke," alisema Gilles, fundi wa matrekta. Watu wakacheka mahali pa kucheka.

"Kura moja tu," alisema Lucille. "Na kura hiyo ilikuwa yangu."

Akawaeleza polepole. Winslow Beal, mvuvi wa kamba kutoka pwani, mtu wa chama kingine, moyo ulimwangusha siku tatu kabla ya kura. Kule bungeni mgonjwa anaweza kumwomba mpinzani wake washike jozi: mimi sipo, basi nawe kaa usipige, mizani isielemee upande. Winslow aliomba, na Lucille alikubali kabla hajahesabu vichwa. Saa ilipofika alikaa mikono mapajani, mbele ya kitufe cha kijani, akatazama taa za ubao zikisimama sabini kwa sabini.

"Ningebonyeza, nani angenishtaki?" alisema. "Lakini ahadi ni deni. Nimempigia Winslow jana. Anapata nafuu."

Odile akatazama sahani yake.

Lucille akageuza uso, akamtafuta mtu mmoja katika safu ya mbele. "Rosaire. Mbona umenuna tu? Wewe hukosi neno."

Rosaire akahisi vidole vya mkewe vikimvuta shati. Neno alikuwa nalo. Alikwisha kulisema mara moja mbele za watu, kwa sauti iliyotikisa vikombe, kwamba damu ya mjukuu wake iwe juu ya kichwa cha mama huyu. Tangu hapo halikupita juma asilisikie likimrudia mwenyewe.

"Binti yangu Nadine ana mimba ya miezi minane," alisema kwa upole. "Atazalia wapi?"

"Najua," alisema Lucille. "Ninamfikiria Nadine kila ninapofumba macho. Tangu siku ile silali, Rosaire. Hawa wengine wananihurumia, lakini wewe hujui kusema uongo. Niambie kweli. Nilikosea?"

Gilles akakohoa ili ajibu yeye, kama desturi yake. Rosaire akamwinulia kidole anyamaze.

Hasira ilikuwepo, asidanganye mtu. Ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, chini ya mbavu, inamuuma. Akamtazama yule mama, jinsi alivyomngoja kama mtoto aliyevunja chungu. Alijua kwamba akisema ndiyo hakuna wa kumlaumu, na kwamba akisema siyo, itabidi aendelee kuishi na hilo pia.

"Hukukosea, dada," alisema. "Ulitoa neno, ukalishika. Yaliyopita si ndwele. Nenda kalale."

Odile akamwachia shati. Lucille akaketi taratibu, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha mezani, naye Gilles akaanza kugawa maharage kana kwamba hakuna lililotokea.

"Nadine nitampeleka mwenyewe siku ikifika," alisema Lucille. "Mwambie anipigie. Hata kukiwa na theluji."

"Nitamwambia."

Chakula kilipokwisha, muuguzi akaingia na vidonge ndani ya kikombe kidogo. Akamvua Lucille lile koti la bluu, akaichukua ripoti iliyokwisha kuchanika kwenye mikunjo, akairudisha kwenye droo hadi Aprili nyingine. Walipoifunga wodi ya wazazi, vyumba vyake hivi walipewa wazee waliopotewa na kumbukumbu kama Lucille, na zile picha za bata ukutani hakuna aliyejisumbua kuzifuta vizuri.

Rosaire na Odile walipitia makaburini kabla ya kurudi nyumbani, wakapangusa theluji kwenye jiwe dogo. Mei hii mtoto wa Nadine, aliyezaliwa njiani, angetimiza miaka kumi na mmoja.