Jino la Kumi

"Bibi, usimpe mbwa!"

Tokzhan alipiga kelele toka langoni, kikopo cha maabara mkononi, hata salamu akaisahau. Bibi Kulyash alikuwa uani na kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo mkononi. Aktos, kijibwa chake cha miezi mitano, umri wa kubadilisha meno, alikuwa akimrukia magotini.

"Siku hizi shikamoo huijui, msomi?"

"Shikamoo, bibi. Jino la Inkar liko wapi?"

Jino la huyo mjukuu wa bibi lilikuwa limeng'oka asubuhi hiyo. Ndani ya jino la utoto mna seli shina, zile changa zinazoweza kuotesha mfupa mpya, na utafiti wa Tokzhan ulitaka meno kumi. Alikuwa nayo tisa, na hayo aliyapata kwa jasho, maana jirani zake hawana utani na meno: likitoka tu, linafungwa ndani ya mafuta, analishwa mbwa, ili mtoto aote meno imara kama ya mbwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Akilikosa la kumi, nafasi yake maabara anapewa mwingine.

"Mkilichukua nyinyi, Inkar wangu ataguguna mifupa kwa ufizi?" bibi akang'aka.

"Nakuomba, bibi. Miaka sita nimesomea jambo hili." Machozi yalimlengalenga, wala hakuwa anaigiza.

Bibi akamtazama, akashusha pumzi. "Haya, usinililie uani. Lete hicho kikopo."

Akaingia nacho jikoni, kijibwa nyuma yake. Tokzhan alimsikia akifungua jokofu, kisha akimkemea Aktos: "Tulia, we! Tumeshamaliza!"

Akatoka na kikopo kimejaa maziwa, kifuniko kimekazwa.

"Kwenye maziwa baridi, kama mlivyotufundisha."

"Mungu akuweke, bibi! Mtu asikifungue tena mpaka maabara." Akambusu mashavu yote mawili, akaikataa chai, akatoka mbio. Aktos alibaki mlangoni akijilamba mdomo.

Maabara, Daktari Saule alivaa glavu, akamimina maziwa, akainamia bakuli. Tokzhan akasogea karibu.

"Limeharibika?"

"Wala. Zima kabisa, limetoka leo leo." Daktari akavua miwani, akaifuta taratibu. "Ila hebu mpigie huyo bibi, umuulize: mjukuu wake ana miguu mingapi?"