Jozi Tano Mlangoni

"Shikamoo nimekupa, balozi. Mlango sikupi."

Juliana alisimama kizingitini, mwiko mkononi, unga umemganda mpaka kwenye kiwiko. Mzee Margwe, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amesimama kwenye tope, daftari kwapani. Upande wa pili wa ua wa minyaa, jirani yao Evaline alikuwa anaanika shuka ile ile kwa mara ya tatu.

"Sikuombi mlango, mwanangu. Nakuomba majina," Margwe alisema. "Agizo limeshuka. Kila anayelala kwenye nyumba aandikwe. Ng'ombe wanaibwa, watu wanalia. Nyumba tisa nimeandika, imebaki ya kwako."

"Itabaki."

"Na hivi viatu navyo havina wenyewe?"

Chini ya upenu zilipangwa jozi tano za viatu vya kiume: gambuti, raba, katambuga za tairi, na vingine vikubwa kama mitumbwi. Mvua ilikuwa imepiga Mbulu wiki nzima, tope limefika vifundoni kwa kila mtu, lakini viatu vile vilikuwa safi kama vya Jumapili. Margwe akalipima jambo hilo kimoyomoyo. Hawa ni watu wasiotoka mchana.

Juliana alihamia pale mwaka uliopita akitokea Gehandu, kule Hanang. Alisema mumewe yuko machimboni, na kwamba kaka zake wanafanya biashara ya ng'ombe, hulala kwake wakienda mnadani na wakirudi. Kuwaona kaka hao, hakuna aliyewahi. Kuwasikia, kila mtu aliwasikia. Jioni sauti nzito za kiume zilivuma mle ndani, na Juliana akizipandia juu: "Kaka Sulle, maji ya kuoga tayari!" Na kila siku alipika sufuria la kulisha harusi. Mabaki yalikwenda kwa nguruwe wake, na nguruwe yule alinenepa mpaka watu wakamwonea wivu.

"Wageni wasioonekana mchana," Evaline alipenda kusema dukani kwa Margwe, "na ng'ombe wasioonekana asubuhi." Mwanzoni watu walicheka. Siku hizi hawacheki.

"Hebu niambie, balozi," Juliana alisema. "Hilo daftari lako huwa linalala wapi?"

"Dukani kwangu, juu ya kaunta. Mimi sina cha kuficha."

"Najua. Nimelisoma nikisubiri kupimiwa sukari. Kila mpita njia analisoma. Nyumba ya nne: Bibi Natalia, anayelala, mmoja. Mwandiko mzuri kweli. Siku ngapi baadaye mbuzi wake waliondoka?"

"Nne," Margwe alisema, na hasira ikampanda. "Na waliowachukua ni akina nani, kama si wageni wa namna hii wasiotaka kuandikwa?"

"Haya. Mimi nimesema yangu."

"Muulize, hao watano walikuwa wapi siku hiyo!" Evaline alirusha neno juu ya ua.

"Dada Evaline, hiyo shuka ilishakauka. Sasa unaitesa tu."

Margwe hakutaka kucheka, akajikaza. "Sikiliza, Juliana. Nikirudi bila majina, saa nane mgambo wanakuja. Wataingia wote, na nusu ya kitongoji nyuma yao. Wakishatoka hapa, sidhani kama kuna atakayekubali ukae tena."

Mwiko ukashuka. Juliana alitazama barabarani. Wanaume watatu, wasio wa kitongoji kile, walikuwa wamesimamisha baiskeli kusikiliza ugomvi. Aliwatazama mpaka mmoja akajifanya anakagua mnyororo.

"Utaingia wewe peke yako," alisema. "Na kalamu ikae mfukoni mpaka niseme mimi."

"Balozi hapangiwi."

"Basi kawaite mgambo wako. Watanikuta hapa hapa, na huu mwiko."

Evaline akakohoa. Margwe aliitazama kalamu, akamtazama Juliana, akaitazama tena kalamu. Miaka kumi na minane ya ubalozi, na leo anapangiwa na mtu mwenye unga mikononi. Akaitia mfukoni.

Alivua viatu vyake vyenye tope, akaviweka mwishoni mwa ule mstari, akainama kupita. Juliana akaufunga mlango nyuma yake.

Margwe alikaza mabega, tayari kutazamana na wanaume watano. Macho yalichukua muda kuzoea kiza. Kitanda kimoja, chembamba. Kigoda kimoja. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vimeoshwa na kufunikwa kitambaa. Redio ya betri juu ya debe la mahindi. Na jikoni, ugali wa watu sita ukifuka mvuke.

Juliana alimkazia macho, hakupepesa. Kisha akageukia dirisha la barabarani, akapaza sauti:

"Kaka Sulle! Mpishe balozi akae, tule!"

Nje, Evaline aliacha kukohoa. Margwe alilitoa daftari kwapani, akaliweka sakafuni, akalikalia.

"Usisimame, Sulle," alijibu, kwa sauti ya kufika barabarani. "Tutabanana."