Dodoki la Baba Limi

Siku hizi hakuna mchimba dhahabu anayeshuka mgodini bila kupakwa utando wa kaboni mwili mzima, na utando huo hautolewi mpaka astaafu. Jiwe haliuchubui, tindikali haiuunguzi, vumbi haliushiki. Sisi wake zao tunaambiwa tushukuru. Haya, nashukuru. Sijawa mjane.

Lakini mume wangu anarudi msafi kama sahani ya dukani. Zamani alikuwa akirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Nilimkalisha kwenye kigoda uani, nikamsugua mgongo kwa dodoki na maji ya moto, na hapo ndipo aliponisimulia yote, hata yaliyomtisha huko chini. Sasa haogi, wala hasimulii.

Jana jioni alinifuata jikoni.

“Mama Limi, hebu nisugue mgongo kama zamani.”

“Uchafu wenyewe uko wapi?”

“We sugua tu.”

Nikalitafuta dodoki, nikalikuta limekauka juu ya ukuta wa bafu. Nikammwagia maji, yakateleza kama juu ya jani la yugwa. Nikasugua taratibu, kisha kwa nguvu zangu zote, mpaka mkono ukaniuma na dodoki likaanza kunyofoka. Halikutoa hata sauti.

Yeye alikuwa ameinama, amefumba macho, anangoja.

“Mama Limi,” akasema, “mbona huanzi?”

“Naanza, baba. Maji bado ya moto,” nikamjibu, huku nikiendelea kusugua.