Saa Moja ya Msiba

Sheria ilikuwa nyepesi kukariri: dakika moja ya ndege, dakika tano za msiba. Na kwa kuwa ndege za siku hizi zilikula zile kilomita elfu moja za Dar es Salaam hadi Bukoba kwa dakika kumi na mbili tu, Kemilembe alipewa saa moja ya kumzika na kumlilia baba yake.

Alitia udongo kaburini, akaingia ndani kuketi na mama yake juu ya nyasi walizotandaziwa wafiwa. Kahawa ilikuwa haijachemka bangili ya kazini ilipoanza kumlilia mkononi.

"Nisamehe, Mama. Nikichelewa watanifukuza."

Mama alimtoa nyasi kwenye gauni, moja moja.

"Kemi, kwa ndege hizo, mji wa mbali kabisa ni upi?"

"Sijui, Mama. Labda Lima, kule Marekani ya Kusini. Saa mbili na nusu."

"Basi nitafutie chumba huko, mwanangu. Nikafie huko, nawe upate kunilalia matanga walau usiku mmoja."

Angani, hata mkanda haujamkaa sawa, Kemilembe alijikuta akitafuta vyumba vya kupanga Lima.