Kadi ya Bi Zamzam

Wakazi wote wa mji huu wanaarifiwa kwamba leo, baada ya alasiri, Bwana Hatibu amezindua mtambo wa muziki wa nyumbani. Mtambo wenyewe ni kompyuta ndogo kama biskuti, imewekwa ndani ya kopo la majani ya chai, na haina wimbo hata mmoja.

Kadi za kumbukumbu zilikuwa mbili, zote nyeusi, ndogo kama ukucha. Moja ilikuwa mpya, ya kuwekea programu. Nyingine ilikuwa na sauti ya marehemu mkewe, Bi Zamzam, akiimba huku akikanda unga, na nakala nyingine haikuwepo popote. Programu iliuliza kama vyote vilivyomo kwenye kadi vifutwe. Ikajibiwa ndiyo.

Bwana Hatibu anachukua kadi iliyobaki mezani na kuichomeka kwenye simu. Haina kitu. Hii ndiyo ile mpya.

"Mashine hizi za hovyo sana, Mjomba," anasema mpwa wake.

"Nilikuuliza yale maandishi yanasemaje."

"Yalikuwa mengi."

"Ukaniambia, bonyeza tu, Mjomba, hayo huwa yanatishia watu."

Hakasiriki. Anapandisha sauti ya spika ya mtambo mpaka mwisho, unatoka mvumo mtupu, naye anausikiliza kama taarifa ya habari.

Basi. Mpwa ni mimi. Sikusoma hata mstari mmoja. Mjomba amesogeza kiti karibu na spika, na sijui nizime au niache.