Hodi kwa Jirani

Semeni, fundi cherehani aliyepanga vyumba maisha yake yote, aliipenda nyumba ile mara moja. Alishachagua hata dirisha la kuweka cherehani yake.

"Nitainunua," alimwambia Kitwana, dalali aliyemleta.

"Bado, mama. Kuta umeziona. Sasa tukapige hodi kwa jirani."

"Jirani ananihusu nini?"

"Mwenye kuuza hukuonyesha nyumba. Jirani hukueleza habari zake."

Jirani alikuwa bibi aliyekuwa akipepeta mchele barazani. Aliposikia shida yao, aliuweka ungo chini.

"Inauzwa? Na Mashavu anajua?"

"Mashavu ndiye nani?" Kitwana aliuliza.

"Dada yake muuzaji. Baba yao aliwaachia wote wawili. Anakaa mtaa wa pili."

Kitwana alijifuta uso kwa kiganja. Hata yeye hakuwa na habari.

Walipotoka, Semeni alisema kwa uchungu, "Ungeniacha nitie sahihi, ungeshapata chako."

"Ningepata, na wewe ungepata kesi."

Semeni alisimama kidogo, akiitazama nyumba. Kisha akasema, "Nipeleke kwa huyo dada."

Mashavu aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kuwakatiza. Semeni alingoja matusi. Badala yake mama yule aliuliza, "Mlango wa uani bado una rangi ya buluu?"

"Bado," Semeni alijibu.

Mashavu alichukua kanga yake, akavaa viatu, akatangulia njia ya kwenda kwenye nyumba ya baba yake.