Mlango Unaomsubiri Mzee Chande

Mahakama ya nyumba ilipoamua kwamba Bi Saumu alifukuzwa kinyume cha sheria, alirudishiwa chumba kama kilivyokuwa miaka sita iliyopita: rangi ileile, ufa uleule, hata mlango wenye kusema, ukiwa na kumbukumbu zake zote hadi siku ile walipofukuzwa.

Magharibi ilipoingia, mlango ukamwambia, "Bi Saumu, Mzee Chande hajarudi. Nimsubiri, au nifunge?"

Mzee Chande, mumewe, alifia kwenye baraza ya nyumba ya watu, mwaka wa tatu wa kesi. Lakini mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina lake, na marehemu harudishiwi nyumba, kwa hiyo Bi Saumu alimzika kimyakimya, bila matanga.

Bi Saumu akaweka sahani ya pili mkekani.

"Msubiri," akasema. "Ametoka kuswali, anakuja."